Saa Moja ya Kwenda, Tatu za Kurudi

Katika basi ya kwenda Karavia, huku mashariki ya Kongo, nyuma yangu, mama mmoja alimwambia papa aliyekaa karibu naye: "Kinshasa haiko mbali. Ndeke inatoka huku saa ine, saa tano iko kule. Kurudia njo mbali: inatoka saa tisa, inafika huku saa kumi na mbili."

"Hapana, mama. Njia iko moja, masaa mbili. Ni saa ya kule njo inabakia nyuma ya yetu."

Nilihesabu kwa vidole. Papa alisema kweli.

"Mutoto yangu Plamedie alienda kule kwa juma moja tu," mama akasema polepole. "Sasa iko miaka sita. Kama kurudia haiko mbali, papa, munambie nini inamuzuia."

Basi ikasimama Makomeno, mbele ya kufika Karavia. Papa, aliyelipa hadi Karavia, akashuka.