Wasifu wa Marehemu Mama Tazama-Mbele, Mwandishi wa Mwongozo

Familia imemwomba mdogo wake marehemu asome maneno haya, kwa sharti kwamba asiongeze ya kwake. Ameongeza kidogo, na anaomba radhi mapema.

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi redio na mama muuguzi. Alikuwa mtoto mwenye majibu. Alipokuwa na miaka tisa, shangazi yake alipiga simu kwa jirani kuuliza njia ya kufika nyumbani, na yeye ndiye aliyetumwa kumwelekeza. "Ukifika kwenye geti la bluu, pinda kulia." Shangazi alizunguka na begi lake kichwani tangu asubuhi mpaka jua la mchana, akafika amefura kwa hasira.

"Wewe mtoto, geti la bluu liko wapi?"

"Limepakwa kijani wiki iliyopita, shangazi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mimi najua limepakwa."

Alichapwa maneno siku hiyo hadi akalia. Nyumbani tulicheka miaka na miaka, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kucheka sana.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari mwaka 1984, hisabati ikiwa ndilo somo lililomweka mjini. Alisomea kompyuta katika chuo cha ufundi, akahitimu Novemba 1989, wakati ambapo ndugu wengi tulidhani kompyuta ni aina ya mashine ya kupiga chapa inayojua kuringa.

Mwaka 1997 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza programu ya hospitali. Kwa faida yetu sisi wengine, tueleze. Kampuni yenyewe ilitengeneza msingi tu. Vipande vya kuchomeka juu ya msingi huo, kama cha maabara au cha duka la dawa, vilitengenezwa na watu wa nje ambao hawakuwahi hata kuonja chai ya ofisini. Marehemu alikuwa mmoja wa waliojenga msingi. Maelezo waliyopewa watu wa nje yalikuwa ukurasa mmoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa ya kumshukuru mkurugenzi.

Ndipo akaja mtu wa maabara. Kipande chake kilikuwa kinaganda kila asubuhi hospitali inapofungua, wagonjwa wamejaa kwenye benchi na majibu ya vipimo hayaonekani. Alihangaika mwezi mzima, hospitali ikamfukuza, akaingia ofisini kwao bila kubisha hodi. Marehemu alimsikiliza, akamwambia papo hapo kosa lilipo: kipande lazima kijitambulishe kwanza, kabla msingi haujafungua mafaili ya wagonjwa.

"Nani anajua hili?" akauliza yule bwana.

"Sote tunajua."

"Sote nani? Mimi nimo?"

 Marehemu alisimulia baadaye kwamba hapo ni kama alimwona shangazi mlangoni, na begi lake kichwani.

Yeye na yule bwana wa maabara walifunga ndoa tarehe 7 Julai 2001. Shemeji yetu husema hadi leo kwamba alioa ili apate majibu bila kupanga foleni. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana, na upendo wao ulikuwa wa kelele na wa kweli.

Mwaka uliofuata alimwomba mkurugenzi amruhusu aache kujenga, aandike mwongozo wa watu wa nje. Mkurugenzi akamwambia watu wa kompyuta hawasomi. "Watasoma nini, mzee, na hatujaandika?" Akapewa kijimeza karibu na choo.

Hapo ndipo alipopata jina ambalo wengi mliokuja leo mnamjua nalo. Hakuna ukurasa aliouchapisha kabla hajaujaribu kwa mtu. Alimketisha mtu wa nje mbele ya kompyuta, akampa ukurasa, kisha yeye akakaa nyuma yake, pindo la mtandio mdomoni ili asiropoke. Mtu akikwama na kugeuka kuuliza, alijibiwa neno hilo tu: "Tazama mbele." Jibu hakupewa. Marehemu aliandika pale palipomfanya ageuke, akaurekebisha ukurasa, akamwita mwingine. Kwake, aliyegeuka hakuwa na kosa. Ukurasa ndio ulikuwa na kosa. Wako watu wazima, wenye vitambi na vyeo, waliotoka kwenye kiti kile wamelowa jasho, na bado wakarudi.

Chini ya kila ukurasa aliweka namba yake ya simu. Walipiga wakati wa chakula, walipiga kwenye harusi, walipiga mimi mwenyewe nikiwa nimelazwa naye ameniletea uji. Watoto wake walikua wakipokea: "Shikamoo. Mama anakula. Umesoma ukurasa wa arobaini?"

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na uvimbe kooni, na baada ya upasuaji wa Februari 2023 sauti yake haikurudi. Simu ziliendelea kuita na hakuweza kujibu. Hilo lilimuumiza kuliko kidonda. Mwaka huohuo kampuni iliujenga msingi upya, mwongozo wa zamani ukawa hauna kazi, na vijana wa ofisini wakasema msingi mpya utolewe, maelezo yataandikwa baadaye. Marehemu aliwaandikia kwenye simu: "Baadaye mtakuwa mmezoea, na mtasahau mtu asichokijua." Akaanza kuandika mwenyewe, kitandani, akimwomba Mungu jambo moja, asiondoke na majibu ya watu kichwani mwake.

Sura ya mwisho aliijaribu Machi mwaka huu, sebuleni kwake. Alikuja mama mmoja wa makamo, mtengenezaji wa programu za maduka ya dawa, kutoka mji mwingine. Aliketi mezani. Marehemu aliketi nyuma yake, blanketi magotini, mkononi ameshika kijiko cha kugonga kiti badala ya kusema. Tuliobaki tulibanana mlangoni. Yule mama alisoma, akaandika, akarudi nyuma ukurasa, akasoma tena. Bega lake lilisogea kama anataka kugeuka, na shemeji akanifinya mkono. Hakugeuka. Kipande kilipokubali ndipo akageuka, akamkuta marehemu analia, kijiko kiko chini kwenye zulia.

Jioni ile alituandikia neno moja la kazi: "Namba yangu sasa iondoeni."

Alifariki tarehe 2 Mei, alfajiri, akiwa amelala, mume wake akiwa pembeni.

Ameacha mume, binti, mvulana, mjukuu mmoja, kaka mmoja, dada wawili, mimi mdogo wake, na shangazi mwenye umri wa miaka tisini na moja, ambaye leo amefika bila kupotea.

Tangu tangazo la msiba litoke, simu ya marehemu haijapumzika. Shemeji amepokea zote, karatasi na kalamu mkononi, kwa mazoea. Karatasi bado ni nyeupe. Wote walipiga kutoa pole, na kazi zao zinaendelea.

Basi alale dada yetu kwa amani, maana hakuna aliyebaki akimsubiri kwenye simu.