Lori la Matofali ya Kuchoma kwa Mama Josline Kiden

Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, Mama Josline Kiden atastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya ujenzi hapa Gurei, jijini Juba, kwa miaka kumi na tisa. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake katika ratiba ya sherehe. Nawaomba radhi wasomaji mapema: nilikusudia kuandika maneno matamu tu, nami nimeshindwa.

Alirudi kutoka uhamishoni Uganda akiwa anajua kufyatua matofali kwa mashine ya mkono. Udongo mwekundu huchekechwa, hutiwa saruji kidogo na maji ya kiasi, kisha hushindiliwa. Tofali halichomwi, hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa hadi likomae. Karibu kila mjenzi wa Juba alitaka matofali ya tanuri, nayo matanuri yalikula miti na kuijaza anga hewa ya ukaa.

Fundi wetu Lako alilitazama tofali la kwanza akasema, "Mama, hii ni biskuti ya chai." Akajibiwa, "Basi kula, kaka, meno iko." Lilizamishwa katika ndoo siku tatu, likatoka zima. Kesho yake Lako aliomba kufundishwa.

Kwa mikono yao imesimama zahanati, yamesimama madarasa na nyumba ya watumishi. Katika nyumba hiyo marehemu mke wangu aliugua kiangazi chake cha mwisho, wala hakuomba kupepewa, kwa ubaridi wa kuta zile.

Sasa niseme linaloniudhi. Mama Josline aliulizwa anataka zawadi gani. Aliomba mashine ya zamani iliyolala stoo, awafundishie akina mama wa mtaani kwake. Kamati ya zawadi imeona ombi hilo ni dogo mno, ikaagiza lori zima la matofali ya kuchoma, ili mtu wa heshima asizeekee katika nyumba ya matofali "mabichi".

Mabichi! Neno hilo tulilizoea kutoka kwa wapita njia. Leo linatamkwa na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ya mikono yake. Samahani, lakini zawadi hii ni tusi lililofungwa utepe. Alipoambiwa, Mama Josline alicheka, halafu akanyamaza. Na wote tunajua kwamba yeye si mtu wa kunyamaza.

Ratiba hii inachapwa leo Jumanne. Lori lipo langoni, halijapakuliwa. Naisihi kamati, kwa unyenyekevu wote, ilirudishe lilikotoka na kufungua stoo.

Mama Josline, asante kwa kila ukuta. Tunakuombea afya, wanafunzi wabishi na mvua za wastani. Kamati isiponisikiliza, Ijumaa utaniona nikiisukuma mashine mwenyewe hadi mbele ya meza kuu. Utanisamehe kwa vumbi. Uishi vyema, mama.