Kabla ya Kujisafisha Tumbo

Mama zangu na dada zangu, mliopata benchi na mliokaa kwenye mikeka, nawasalimu. Mama kiongozi wetu ameniomba niseme yaliyonipata, kwa sababu humu ndani wamo wanaopita njia niliyoipita. Sitataja jina la mtu. Atakayejitambua na acheke kimya kimya.

Mimi ni fundi wa kushona. Nilitoka Bukavu nikiwa msichana, nikaolewa hapa kambini Dzaleka, kisha mimi na mume wangu tukahamia Nsungwi, kule mjini, Area 25. Nikakodi kibaraza cha duka, nikaweka cherehani. Kazi ikaenda. Mtoto hakuja. Miaka ikapita, na kwa namna ambayo sikuipanga, nikawa najulikana kwa kushona magauni ya wajawazito. Ndugu zangu, nawaambia, kumpima mwanamke kiuno na kumwachia nafasi ya miezi inayokuja ni kazi kama kazi nyingine, mpaka siku unapojikuta unaitamani nafasi ile iwe yako.

Mama mkwe alikuwa anatuma sauti kwa simu kutoka Bukavu. "Muke ya mutoto wangu, tunangoja habari. Habari iko?" Mume wangu alikuwa anachukua simu na kujibu yeye: "Habari iko, mama. Mvua imeanza." Alifanya hivyo kunilinda. Mimi nilikuwa nacheka, halafu naingia ndani.

Nikaanza kuuchunguza mwili wangu kama mtu aliyetumwa kuandika habari zake. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, nilichukua utepe ule ule wa kazi, nikajipima kifua. Matiti yakiuma kidogo, nilisema ni yeye, mtoto. Nikisinzia juu ya cherehani, ni yeye. Tumbo la chini likivuta, ni yeye. Harufu ya samaki wakavu wa jirani ikinichefua, basi hapo nilikuwa nimemaliza kesi. Nilikwenda duka la dawa kununua kipimo hata kabla siku zangu hazijafika. Mstari ulitokea mmoja: hakuna mimba. Baadaye damu ilikuja, nyingi, kama kawaida.

Nilichokuwa sijui ni hiki: mwili wa mwanamke anayekaribia siku zake na mwili wa mwanamke aliyeshika mimba jana juzi unaweza kusema maneno yale yale. Matiti, uchovu, tumbo kuvuta, vyote viwili. Na malaria nayo inaleta uchovu na kichefuchefu. Niliyoyasikia mwilini yalikuwa ya kweli. Niliyatafsiri haraka mno.

Sasa nifike kwenye jambo letu sisi wenyewe. Mnajua kwetu mwezi ukishindikana watu wanasema nini. Tumbo ni chafu, lisafishwe. Majani yanachemshwa, yanapozwa, yanawekwa kwenye ule mpira wa kusukuma dawa kwa nyuma, puare. Msiinamishe vichwa, wengi humu mnaijua puare kuliko mnavyoijua sauti ya pasta. Kuna mama mmoja wa kanisa letu, kwangu ni kama mama mdogo, aliyekuwa anapanda basi dogo kutoka hapa kambini mpaka Nsungwi, na majani yake kwenye kikapu, kuja kunisafisha. Hakuna aliyemlipa. Alinipenda. Alinisafisha mara kadhaa, kila mara damu ilipokuja, na kila mara nililala siku nzima kwa kuharisha na tumbo kukata.

Mwezi ninaouzungumzia, damu ilinijia mapema, siku chache kabla ya siku zangu. Nikampigia simu, nikamwambia tumaini limekwisha, damu imekuja tena. Akasema, "Usilie, mwanangu. Kesho niko pale na dawa ya nguvu kabisa."

Kesho yake alifika, akawasha mbaula, lile jiko la makaa, akaweka sufuria. Harufu ikajaa ua mzima. Majani yalipoiva akaniita nijitayarishe. Nikaenda chooni kwanza. Na pale, mama zangu, ile tabia yangu ya kuchunguza ikanisaidia kwa mara ya kwanza. Kitambaa kilikuwa kikavu. Nikaikumbuka damu ya jana: haikuwa damu yangu ninayoijua. Ilikuwa doa, la kahawia, kama maji ya chai. Haikuongezeka. Tumbo lilivuta kidogo tu, nikashona mchana wote bila kukaa chini kushika kiuno.

Nikatoka nje. "Mama mudogo, damu imekatika."

"Vizuri basi. Dawa itapata njia."

"Haikuwa damu ya kila mwezi. Ilikuwa kidogo sana."

"Tumbo iko chafu mpaka damu inashindwa kutoka. Vua, tumalize."

"Na kama iko mutoto?"

Akaweka kijiko chini. "Mutoto na damu banakaa nyumba moja? Miaka yote unanililia, leo dawa imeiva ndiyo unaleta akili ya shule?"

Jirani yangu, mama wa Kindu, yule wa samaki, alikuwa anaanua nguo. Akasema bila kugeuka, "Kama hakuna kitu, dawa itangoja. Kama kiko kitu, hakitangoja."

"We uza samaki yako!"

"Nauza. Lakini macho iko yangu."

Nilisimama kati yao na kanga mkononi. Upande mmoja alikuwa mwanamke aliyetumia siku yake yote kwa ajili yangu, na upande mwingine kulikuwa na doa la kahawia ambalo huenda halikuwa kitu. Nikasema, "Mama, nisamehe. Leo sitasafishwa." Akamwaga sufuria yote kwenye mtaro, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kunywa hata chai. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya soko.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alikuwa Mmalawi, msichana mdogo kuliko mimi. "Amayi," yaani mama, akaniambia kwa Chichewa alichokipunguza mwendo ili nimwelewe, "damu kidogo, ya pinki au kahawia, ya siku moja au mbili, wakati mwingine hutokea mimba inapojishika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Si kila mwanamke huipata. Na si kila damu kidogo ni mimba. Kwa kuangalia tu, hata mimi sijui." Akanipima. Mstari mmoja. Akasema bado mapema, nisubiri siku zangu zipite, nirudi na mkojo wa asubuhi. Damu ikiongezeka, au nikipata maumivu makali ya upande mmoja, au kizunguzungu, nisisubiri siku, nije mara moja. Na majani? Akatikisa kichwa: hatujui yana nini ndani, na mengine huweza kulibana tumbo la uzazi. Nikamwambia zikomo, asante, nikarudi nyumbani bila jibu.

Wiki ile ndiyo ilikuwa ngumu kuliko miaka yote. Mama mdogo hakupokea simu zangu. Nilijua kwamba mstari ukitoka mmoja tena, nitakuwa nimempoteza yeye bila kupata kitu. Mume wangu hakuuliza. Aliuficha utepe wangu asubuhi, akanirudishia wateja walipofika.

Siku zangu zilipita. Damu haikuja. Nikarudi kituoni, na mistari ikawa miwili. Sikupiga kelele. Nilimwomba muuguzi anioneshe tena, akanionesha, nikamwomba mara ya tatu, akaniambia, "Amayi, kuna foleni."

Kwanza nilimpigia mama mdogo, kwa simu ya jirani, ndiyo maana akapokea. Nikamwambia mistari ni miwili. Akasema, "Ile sufuria... ningekusukumia yote." Nikamwambia, "Mama, hukunisukumia." Mtoto alipozaliwa, yeye ndiye aliyekaa nami hospitalini. Sasa mtoto yuko na bibi yake huyo kule nje, mnamsikia anavyolia.

Namshukuru yule jirani wa Kindu, ambaye hatusali naye pamoja lakini aliona. Namshukuru muuguzi aliyekubali kusema "sijui." Namshukuru mume wangu kwa kunyamaza kwake. Na mama mdogo, namshukuru kwa kuumwaga ule mchemsho badala ya kunilazimisha.

Wapo humu ambao mwezi huu wameona damu, na ilikuwa damu tu. Sikuja kuwaambia kwamba mtapata. Sijui, na anayesema anajua anawadanganya. Nilichokuja kusema ni kidogo. Damu isiyofanana na damu yako, ngoja, kapime, na kipimo kikisema hapana mapema, kapime tena. Na dada yako akikwambia imekuja, kabla hujaweka sufuria motoni, muulize ilikuwa ya namna gani.