Mashine Iliyochonga Hewa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maji. Msimamizi wa karakana yetu. Wageni mliofuatana naye, na wafanyakazi wenzetu:

KARIBU

Karibu ndani, na utuwie radhi kwa waya ule mweusi unaopita peke yake juu ya ukuta wa kushoto, umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Tungeweza kuuficha kabla hujafika. Tumeuacha makusudi, na sababu yake utaisikia.

Sisi tuko kumi na mmoja. Tunachonga vipuri vya pampu zinazosukuma maji mjini. Mtu akifungua bomba asubuhi, akanawa uso huku bado ana usingizi, yeye hatufikirii, wala hana haja ya kutufikiria. Sisi tunamfikiria.

HISTORIA YA MASHINE

Mashine iliyo nyuma yako ni ya kuchonga vyuma. Ilipoletwa ilikuwa na kisanduku chake cha kuiongoza, na aliyekabidhiwa ni mama mmoja tunayemwita Shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja humu ndani. Ameishika miaka ishirini na sita. Huwa hatazami kisu kikikata, anasikiliza. Akiinamisha kichwa, sote tunanyamaza.

Miaka minne iliyopita kisanduku kilikufa. Tuliwaandikia waliokiunda, wakajibu kwamba hawakiundi tena, na programu yake ni siri yao. Shangazi akarudi kwenye magurudumu ya mkono. Kwa mkono unaweza kuchonga kitu kilichonyooka. Mapanga ya pampu, yale yanayozunguka na kusukuma maji, yamepinda, na tangu siku ile hatukuyachonga tena.

Yeye hakulalamika. Alisema tu, wakati wa chai, kwamba usiku uliopita ameota magurudumu yanazunguka yenyewe, polepole, hakuna mtu karibu, na mlio wake ulikuwa mtamu.

Fundi wetu wa umeme, ambaye kwa usafi wake tunamwita Nadhifu, alimjibu, "Shangazi, hiyo si ndoto. Hiyo ni programu."

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, ipo programu huria ya kuongoza mashine kama hii. Haina siri. Yeyote anaweza kuichukua, kuifungua, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Masjala walikuwa wameitupa kompyuta moja kuukuu, tukaiomba. Maelezo yalikuwa kwa lugha ya kigeni, nasi tukayasoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kila mapumziko ya mchana, kwa zamu.

Kwanza tulipima kama kompyuta inajibu kwa wakati, maana mota ikicheleweshewa amri hata kidogo, kisu kinapotea njia. Siku nzima tuliichokoza kwa kufungua madirisha kwenye kioo chake na kupiga nyimbo, ikavumilia. Kisha tukaiamuru meza ya mashine iende kulia, ikaenda kushoto. Hilo lilikuwa suala la alama moja ya kutoa katika faili la mipangilio. Tukaiamuru iende milimita mia, ikaenda mia moja na moja na nukta sita. Tulibishana siku mbili. Shangazi akaja na kikombe chake, akaishika skrubu ndefu inayosogeza meza.

"Nyinyi mmeandika nini hapa?"

"Mzunguko mmoja, milimita tano."

"Skrubu hii ni ya inchi, wanangu. Mnaipimia milimita za nani? Ina meno matano kwenye inchi moja. Pigeni hesabu tena."

Tukapiga. Tano na nukta sifuri nane. Meza ikaenda milimita mia, ikasimama.

Siku iliyofuata tulichonga hewa. Ndiyo desturi ya kazi hii: kabla ya kugusa chuma, unaitembeza mashine juu ya meza tupu, kisu kimetulia bila kuzunguka, uone inakwenda wapi. Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati jua linapoingia kwa dirisha lile refu na vumbi linaonekana. Kisu kikapita ndani ya mwanga, kikapinda, kikarudi, kikapinda tena, na vumbi likawa linazunguka nyuma yake. Panga la pampu lilikuwa pale hewani, halina uzito, halina rangi, na sote kumi na mmoja tuliliona. Shangazi alikuwa ameweka mikono yake yote miwili mfukoni.

"Ndiyo mlio wenyewe," alisema baadaye.

Wiki ile tulichonga mapanga manane ya shaba. Mawili yako mezani mbele yako. Yashike, tafadhali, kingo zake hazikati. Faili letu la mipangilio tuliliweka mtandaoni bure, na karakana moja ya mbali, ambayo hatutaiona maisha yetu, imeandika kushukuru.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mwezi uliopita alikuja mkaguzi. Karakana hii ina sifa ya usafi, nasi tunaionea fahari. Siku moja kabla, Nadhifu aliona waya za mashine zimetambaa sakafuni, akazikusanya zote, akazifunga fundo kila baada ya kidole kimoja, zikapanda ukutani pamoja kama mtoto aliyesukwa kwenda shule. Tulisimama tukazitazama. Tukampigia makofi.

Mbele ya mkaguzi mashine ilianza kukata, ikasimama. Kioo cha kompyuta kiliandika kwamba meza imefika mwisho wa njia, nayo ilikuwa katikati kabisa. Tukaiwasha tena, ikasimama tena. Mara ya tatu mkaguzi alifunga daftari lake. Barua ikaja kutoka ofisini kwako: mashine ni mbovu, lori litaichukua Ijumaa hii kama chuma chakavu, na mwendeshaji wake apumzishwe.

Tuliandika kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa programu ile. Alijibu mtu tusiyemjua sura wala nchi: "Inasimama ikichonga hewa?" Tukajaribu. Haisimami. "Inasimama kisu kikizunguka?" Papo hapo inasimama. "Nitumieni picha ya waya zenu." Nadhifu alipiga picha kwa furaha, akafuta lenzi kwanza. Jibu lilisema: "Sijawahi kuona waya zilizofungwa vizuri hivi. Zifungueni."

Waya mnene wa mota ya kisu unavuma umeme. Waya mwembamba wa swichi zinazolinda mwisho wa njia, ukilala ubavuni mwake, unausikia mvumo ule na kudhani umeguswa. Usafi wetu wenyewe ndio ulioifanya mashine iote ukuta usiokuwepo. Nadhifu alikata mafundo yake moja baada ya jingine.

"Usivute kamasi hivyo," Shangazi alimwambia. "Kwani umefiwa?"

"Shangazi, zilikuwa zimenyooka!"

"Zilinyooka, mwanangu. Kata."

Waya wa swichi sasa una koti la nyuzi za shaba la kuzuia mvumo, lililounganishwa na ardhi upande mmoja tu, nao unapita peke yake. Ndio ule wa ukuta wa kushoto. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita mashine haijasimama bila kuambiwa.

Kuna jambo ambalo Shangazi alituagiza tusilitaje, nalo ni bega lake la kulia, ambalo kwa miaka minne ya magurudumu halipandi tena kupita kifua. Tumemtii. Hatulitaji. Tunasema tu kwamba mashine hii sasa haihitaji bega. Inahitaji sikio, na sikio hilo tunalo.

MAOMBI

Hatuombi mashine mpya. Tunaomba barua ile ifutwe, lori la Ijumaa lirudi tupu, na Shangazi aachwe mahali pake afundishe wawili wetu kusikiliza. Tunaomba pia ukaguzi urudiwe, na mkaguzi asiamuru waya ufungwe.

Ombi la mwisho ni la sasa hivi. Kipande cha shaba kimebanwa mezani, na programu imepakiwa. Tunakuomba ubonyeze kitufe cha kijani kwa mkono wako. Shangazi atasimama kando ya kitufe chekundu. Ukimwona anainamisha kichwa, tafadhali nawe unyamaze kidogo. Ni dakika kumi na nne. Baada ya hapo panga ni lako, uende nalo ofisini, uliweke juu ya barua ile.

Mola akulinde njiani, akupe usingizi mwororo, na kila asubuhi ukifungua bomba maji yakutangulie.

Ni sisi,
Wafanyakazi kumi na mmoja wa Karakana ya Vipuri vya Pampu,
Shangazi akiwa wa kwanza kuhesabiwa.