Ngazi ya Jumatatu

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limeegemea banda la fundi viatu wanayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, Penseli alikaa pembeni, kikombe mkononi, roho juu. Mjomba wake, Mzee Kipimo, ana ofisi ya kuchora ramani za nyumba ng'ambo ya barabara: chumba cha mzee na chumba cha mpwa, basi. Programu yake ya kuchorea ilikuwa inakwisha muda kesho yake, na kuilipia mwaka mwingine maana yake ni kukosa kodi na kuachia chumba cha pili, na meza ya Penseli iende nacho. Ile ya bei poa, ya kulipia mara moja tu, mzee hakutaka hata kuisikia. Basi Jumapili Penseli akamwekea kimyakimya, chini ya alama ya ile ya zamani, na mzee kaichorea siku nne bila kujua.

— Rahisi ghali, Kipimo akaanza, kakaa katikati ya benchi. Programu yangu vidole vinaijua kama njia ya chooni.

— Tena hizo za bei poa, akasema Betri, anayechaji simu za watu hapo jirani, mita yake ina sentimita tisini na tano. Unachora sebule, unajenga kabati.

— Mita ni mita, Betri! Penseli akadakia. Umeipima wapi?

— Taratibu, binti, akasema Profesa akigonga soli. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Unadhani walivunjikia wapi? Kwenye ngazi za programu rahisi!

— Hilo dogo, Betri akasema. Ukichora dirisha tu, wezi wanapata nakala. Wanajua unakolala kabla hujachimba msingi.

— Ndiyo maana jirani yangu kaibiwa!

— Jirani yako kaibiwa kuku, Profesa.

— Kwani banda halichorwi?

Kipimo alicheka hadi kahawa ikamuunguza kidole.

— Unawasikia wenzangu, mpwa? Mashine yangu wiki hii nyepesi kama kijana. Niiache kwa lipi?

Penseli angewamaliza wote kwa sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingemvua nguo mjomba aliyemfundisha kushika rula, mbele ya rafiki zake.

Mara akaja fundi mwashi, saruji mpaka viwiko, karatasi mkononi.

— Mzee, ngazi yako hii! Nimeipima ukutani kwa chaki, kila kidato kimekaa pake. Ile ya mwaka jana ilinigongesha kichwa kwenye boriti.

— Nimeichora Jumatatu, kwa mashine ile ile. Mwambie huyu binti!

— Mjomba, Penseli akasema polepole. Jumatatu ulichorea ile ya bei poa. Niliibadilisha Jumapili. Nisamehe.

Profesa akachungulia ndani ya kiatu. Betri akapangusa simu ya mtu.

— Jamani, zege linanisubiri, fundi akasema. Nijenge au nisijenge?

Benchi zima likamgeukia Kipimo. Kipimo akaichukua karatasi, akafuata vidato kwa ukucha, midomo ikihesabu, chini mpaka juu. Akarudia. Kisha akamrudishia fundi.

— Jenga.

Akanyanyuka, akamgeukia mpwa wake.

— Na wewe, nani kakuruhusu kuacha meza yako saa za kazi?