Magoti Anataka Kurudi

Benchi la mbele ya duka la donati la Sophal, kaskazini ya mto pale Bakersfield, lina miguu mitatu ya chuma na mmoja wa tofali, na anayekaa upande wa tofali anajua hatakiwi kucheka kwa nguvu. Asubuhi ile alikaa Hoyt Stallings, ambaye hakuwa na nia ya kucheka. Hoyt ndiye mwimbaji na mkuu wa bendi ya kantri inayochezesha watu kila Jumamosi katika ukumbi wa Kenner. Jana yake simu ililia ukumbini: Loyd Pruett, mpiga gitaa la pedali aliyewaacha enzi za ujana akaenda kupigia bendi za roki kule Los Angeles, anapita mjini Jumamosi, na anaomba kukaa jukwaani na wenzake wa zamani, usiku mmoja tu. Meneja wa ukumbi alisema angepita kijiweni asubuhi kuchukua jibu. Jibu lilikuwa la Hoyt. Na Hoyt, ambaye siku hizi sauti yake ilikuwa ikikatika kwenye noti za juu, alikuja mapema ili wenzake wamsaidie kusema hapana.

Wenzake walikuwa tayari. Kando yake alikaa Burl, mpiga ngoma, aliyefanya kazi kwenye visima vya mafuta mpaka jina lake likawa Kisima. Mwishoni alikaa Verlin, mpiga besi, ambaye wote walimwita Wakili kwa kuwa hata ukimwambia habari za asubuhi anapinga.

— Magoti kapiga simu! alianza Kisima. Ana uso wa kupiga simu yule?

— Kwenye simu uso hauonekani, alisema Wakili.

— Wa kwake unaonekana.

Magoti ndiye huyo Loyd. Gitaa lake halipakatwi. Linasimama kwa miguu yake minne kama meza, mpigaji anakaa nyuma yake. Mkono mmoja unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa pili unadonoa, nyayo zinakanyaga pedali, na magoti yanasukuma vyuma vilivyofichwa chini. Wapigaji wengine hutoka jasho. Loyd alikuwa akipiga huku anatazama saa ya ukutani.

— Sisi tulishamsahau, alisema Hoyt. Nafasi yake ilijaa zamani.

— Kabisa, alidakia Wakili. Mimi hata sikumbuki alikuwa anapigaje. Labda ile tu ya kukusubiri umalize mstari, ndiyo anaingia taratibu, kama mtu anayekupokea mzigo mlangoni.

— Nani kakuuliza?

— Nasema sikumbuki.

Kisima alipuliza kahawa yake kwa hasira.

— Mimi kosa lake moja tu. Kuondoka, sawa, kila mtu ana njaa. Lakini kwenda kwa wale wenye nywele za mabegani akaharibu chombo! Chombo cha kumliza mjane, yeye kakiunguza sauti mpaka kinanguruma kama msumeno wa kukatia miti. Santuri yao ya pili, upande wa nyuma, wimbo wa mwisho.

— Unayo hiyo santuri? aliuliza Wakili.

— Ninayo. Niliinunua nimchukie vizuri.

— Na ile yenye kinanda cha kanisani?

— Kinanda gani, wewe! Kisima alimwaga kahawa kidogo gotini. Ni yeye yule! Gitaa lake kalipitisha kwenye spika inayozunguka, watu nchi nzima wanasema kinanda, kinanda. Huo si utapeli?

— Utapeli mtupu. Umeusikiliza mara ngapi?

— Mpaka sindano imechakaa. Utapeli lazima uchunguzwe, bwana.

Hoyt alikunja uso. Alikuwa amewaomba wamtukane Loyd, na kweli walikuwa wakimtukana, lakini kila tusi lilikuwa likimrudishia mtu yule karibu zaidi na benchi.

— Nyinyi hamjui siri, alisema Wakili, akiteremsha sauti ingawa barabara nzima ilikuwa tupu. Yule si mtu mmoja. Wako Loyd wawili.

— Acha fiksi.

— Tazama picha! Wa kantri ana viatu vinang'aa, kanyoa, kanyooka. Wa roki anapiga na soksi. Mtu mmoja awe anamliza mjane Jumamosi, halafu Jumapili anatingisha vioo vya studio, inawezekana? Kampuni ilichukua wawili, ikawapa jina moja ibane matumizi.

— Umebugi. Ni mmoja, alisema Kisima. Ila magoti ndiyo si ya kwake. Kule Los Angeles alifanyiwa operesheni, akatiwa bawaba kama za mlango wa baa. Yanafunguka ndani na nje.

— Nani kakwambia?

— Binamu yangu alimwona anashuka kwenye gari kituo cha mafuta. Alishuka kwa awamu.

— Basi hizo bawaba zinahitaji grisi.

— Anapakwa kila msimu! Kwani unadhani Jumamosi hii anapita kwetu kufanya nini? Huku ndiko kwenye mafuta!

Wakili alicheka, benchi likacheza, Hoyt akashika ubao asianguke.

— Basi, alisema Hoyt kwa ukali. Mnampamba. Hana lolote. Gitaa lile linalia lenyewe, hata mlango usiotiwa mafuta unalia, na hakuna anayeuita fundi. Meneja akija ninamwambia hapana.

Alisema hivyo, na moyoni akajionea aibu. Jumamosi iliyopita, alipofika pale juu sauti inapomponyoka, alikuwa amegeuza kichwa kulia kungoja nyuzi za Loyd zimdake. Alifanya hivyo kila Jumamosi. Kila Jumamosi alichokiona ni Wakili akijikuna sikio.

Graciela, meneja wa ukumbi, alifika na futi kamba mkononi. Kazi alikuwa ameianza majira ya kuchipua, na bado aliwaheshimu.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Nimekuja kwa ile simu. Lakini kabla ya hiyo, naomba mnisaidie jambo dogo. Mafundi wanakuja leo kung'oa zulia la jukwaani.

— Ling'olewe, alisema Kisima. Linanuka bia ya marehemu.

— Ndiyo. Ila kati ya ngoma zako na besi ya Mzee Verlin kuna mahali, ukubwa wa meza hivi. Zulia lote limekwisha, pale bado lina manyoya yake, na lina vishimo vinne. Nimewatazama Jumamosi zote. Mzee Hoyt anabanwa na spika mpaka kiwiko kinagonga. Wewe Mzee Burl ukishuka kwenye ngoma unazunguka kwa nyuma, na nyuma kuna nyaya. Hakuna anayepakanyaga. Nataka kujua kabla hawajapima. Pale ni pa nani?

Kisima alitazama ndani ya kikombe. Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akaufunga bila kupinga kitu. Hoyt angeweza kusema ni pa feni, au pa taa. Uongo wote ulikuwa karibu na hakuna hata mmoja uliokubali kutoka. Walikuwa wamejipanga hivyo Jumamosi ya kwanza bila Loyd, wala hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini.

— Samahani, alisema Graciela. Nimeuliza vibaya?

Sophal alichungulia dirishani akasema kahawa imekwisha.

Hoyt alisimama. Benchi lilipanda upande wake.

— Yule wa simu, mwambie aje, alisema. Na aje mapema. Alikuwa na tabia ya kuchelewa, mpuuzi yule.

— Sawa, mzee. Na zulia?

— Ng'oeni lote, alisema Hoyt. Pale paacheni.

Sauti ilimkatika hapo hapo, na Wakili akageukia barabarani akasema joto la leo limezidi.