Jina Halikuwemo Kwenye Orodha

Bwana asifiwe! Asifiwe, ndugu zangu, ingawa nasimama mbele yenu na moyo uliopondeka.

Mimi ni Karisa, mwalimu wa kemia. Wengi mnamjua mdogo wangu Kadzo, aliyekuwa akitandika vitanda kwenye nyumba moja ya wageni hapa Kilifi. Mgeni mmoja alimwachia kikaratasi cha kuweka chini ya ulimi, kidogo kama ukucha. Akaniletea. "Kaka, wewe umesoma. Hii ni halali?"

Laiti ningesema sijui! Nikasoma jina kwenye pakiti kilimokuwa, nikafungua orodha ya dawa zilizokatazwa na sheria. LSD, dawa ile ya kuona maruweruwe, ilikuwemo. Hii haikuwemo, kwa kuwa watengenezaji waliibandika LSD ileile kikundi kidogo cha atomi, jina likabadilika. Na nilijua, Mungu wangu, nilijua kwamba mwilini kikundi kile hubanduka, ikabaki LSD yenyewe! Lakini nilijiona mjuzi wa sheria. Nikamjibu, "Haimo. Ni halali."

Kadzo akakiweka chini ya ulimi. Hajarudi alivyokuwa mpaka leo. Hulia akiona ukuta, eti unapumua.

Dhambi kubwa ilikuja baadaye. Nyumbani Ganze watu walisema amelogwa, wakamtaja babu Ngumbao, ndugu ya babu yetu, kwa ajili ya mvi zake na macho yake mekundu. Nami nikanyamaza! Mwalimu mzima! Niliogopea kazi yangu. Jumamosi moja asubuhi vijana wa ukoo waliingia uani kwake na mapanga, nami nikafuata nyuma. Mzee hakukimbia. Alibaki kwenye kigoda chake, akanitazama mimi tu. "Mjukuu wangu, hata wewe?"

Ndugu zangu, hapo Bwana alinivunja. Nilipiga magoti mchangani nikalia: "Ni mimi! Nilimwambia Kadzo ni halali!" Vijana wakateremsha mapanga, wasimguse Babu. Mama, aliyekuwa ametufuata, alinisikia, na tangu siku ile hajaniita mwanangu.

Kazi imekwenda. Kadzo hajapona, na nimeomba mpaka nimechoka kuomba. Lakini Babu yu hai! Ameketi pale nyuma. Ndiye anayemnawisha Kadzo uso kila asubuhi, maana mikono yangu Kadzo anaiogopa.

Kwa hilo moja namshukuru Mungu. Nawe uliyeficha neno huku mwenzako akisingiziwa, mtegemee Bwana, ulitoe leo. Usingoje mapanga.